Kanzu ya Riyadh mjini Jeddah

Leo tunazungumzia vazi, na hasa vazi la watu wengine likiwa mwilini mwako.

Mwezi Februari mwaka 2023 mwanakandanda mashuhuri wa Ureno, Cristiano Ronaldo, ambaye wiki chache kabla alikuwa amejiunga na klabu ya Al Nassr ya mjini Riyadh, alionekana katika picha za video akiwa amevaa kanzu nyeupe ya Kisaudi, joho juu yake, na upanga mkononi. Ilikuwa ni Siku ya Kuasisiwa kwa dola ya Saudia, inayoadhimishwa kila tarehe 22 Februari. Wenyeji walimshangilia. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 18 Disemba 2022, Amir wa Qatar alimvika Lionel Messi joho jeusi jembamba muda mfupi kabla ya nahodha huyo wa Argentina kulinyanyua Kombe la Dunia. Pale maneno yalikuwa mengi. Wako waandishi wa Ulaya waliolalamika kwamba jezi ya timu imefichwa, na wako Waarabu waliojibu kwamba mgeni amepewa heshima ambayo kwa kawaida hupewa wakubwa. Joho hilo kwa Kiarabu huitwa bisht. Sisi wa Afrika Mashariki tulikwisha kulichukua zamani pamoja na jina lake, tukaliita bushuti, na sikumbuki kama kuna mtu aliyetuomba tulirudishe.

Lakini mgeni anayevikwa vazi la mwenyeji ni nusu tu ya habari hii. Nusu ya pili ni swali la nani mwenyeji na vazi ni la nani. Mjini Jeddah, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, jibu lake linaweza kumshangaza msikilizaji. Vazi ambalo leo ulimwengu mzima unalijua kuwa ni la Kisaudi, yaani kanzu nyeupe, kitambaa cha kichwani na kamba nyeusi inayokishikilia, halikuwa vazi la wakaazi wa mji huo miaka mia moja iliyopita. Liliwafikia kutoka bara, na lilifika pamoja na jeshi.

Tuanzie Jeddah yenyewe. Inasimuliwa kwamba Khalifa Uthman bin Affan aliifanya kuwa bandari ya Makka mnamo mwaka 647 Miladia, na tangu wakati huo mahujaji wa baharini wamekuwa wakishukia hapo. Wengi walihiji wakarudi makwao. Wengine hawakurudi. Walibaki Wahindi, watu wa Bukhara, Wajava, Wahadhrami, Wamisri, na Waafrika wa Magharibi ambao wenyeji huwaita Takruni. Hata leo majina ya koo nyingi za Jeddah na Makka yanasema babu alitoka wapi, na yale ya Kihadhrami yanayoanza na "Ba" yatatambuliwa na msikilizaji wa Mombasa au Lamu bila ya kuelezwa.

Mji wa namna hiyo haukuweza kuwa na vazi moja. Hata hivyo, Hijaz, jina la eneo zima la Makka, Madina na Jeddah, ilikuwa na mtindo wake wa mjini. Muungwana alivaa kanzu, juu yake joho lililoitwa jubba, kiunoni akafunga mahazamu, na kichwani akazungushia kilemba juu ya kofia. Kitambaa kilichopendwa kwa kilemba kiliitwa ghabana, nacho kilikuwa cheupe chenye darizi ya manjano kama ya dhahabu. Anayetazama picha za zamani za waungwana wa Jeddah, kisha akatazama za waungwana wa Unguja, ataona jinsi watu wa bandari wanavyofanana, hata wakitenganishwa na safari ya majuma kadhaa ya jahazi.

Riyadh ulikuwa mji wa namna nyingine kabisa. Ulikuwa mji wa udongo katikati ya Najd, mbali na bahari. Huko mwanamume alivaa kanzu pana, bushuti la manyoya ya ngamia akiwa na uwezo, na kitambaa kichwani. Wapiganaji wa kidini waliojulikana kama Ikhwan, waliokuwa nguvu kubwa ya Abdulaziz bin Saud katika miaka ya 1910 na 1920, waliikataa hata ile kamba ya kichwani, iqal, wakafunga kitambaa cheupe badala yake. Hadi leo nchini Saudi Arabia masheikh na watu wa dini huvaa kitambaa bila ya iqal, na wengi wanaowaona hawajui kwamba mwanzo wake unarudi nyuma namna hiyo.

Abdulaziz alikuwa ameiteka Riyadh mwaka 1902. Mwaka 1924 majeshi yake yaliingia Taif na kisha Makka, na Jeddah ikazingirwa kwa takriban mwaka mmoja. Ilisalimu amri mwezi Disemba mwaka 1925. Mtawala mpya alifikia katika nyumba ya ukoo wa Nassif, jumba la ghorofa nyingi lenye madirisha ya mbao zilizochongwa, ambalo bado limesimama katika mji mkongwe unaoitwa Balad. Mwezi Januari mwaka 1926 alitangazwa kuwa Mfalme wa Hijaz, na mwaka 1932 Najd, Hijaz na sehemu nyingine zikawa nchi moja yenye jina la ukoo wake.

Nchi mpya ilihitaji sura moja. Mtafiti Mai Yamani, ambaye ukoo wake ni wa Makka na ambaye baba yake, Sheikh Ahmed Zaki Yamani, alikuwa waziri wa mafuta tangu mwaka 1962 hadi 1986, ameandika kwa kirefu jinsi watu wa Hijaz walivyobadilisha mavazi. Aliyetaka kazi serikalini alitakiwa kuvaa kama mtu wa Najd. Kilemba na jubba vikabaki kwa baadhi ya wanazuoni na wazee, kisha vikaingia sandukuni, vikawa vinatolewa siku za harusi. Mfanyabiashara wa Jeddah aliyekwenda Riyadh kutafuta kibali alijua kwamba kilemba cha baba yake kingezungumza kabla yake, na kwamba kisingesema jambo la kumsaidia. Kwa hiyo, wasikilizaji, watu wa kwanza kuvaa vazi la utamaduni wa wengine katika Saudi Arabia ya leo walikuwa raia wake wenyewe. Wazungu wamevitungia vitabu na filamu vya kutosha visa vya Mwingereza mmoja aliyevaa nguo za Kiarabu. Kisa cha mji mzima uliobadilisha nguo hakijapata filamu.

Hao Wazungu nao tusiwapite kimya, maana kila mmoja alivaa kwa sababu yake, na sababu hizo hazilingani.

Mwaka 1853 Richard Burton, afisa wa jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, alisafiri kutoka Misri hadi Yanbu, Madina na Makka, akaondokea Jeddah. Alijiita Sheikh Abdullah. Mwanzoni alijifanya Mwajemi, baadaye akaona ni salama zaidi kuwa Mpathani aliyekulia India. Kwake yeye nguo zilikuwa hila za kuingia mahali ambapo asiye Mwislamu haruhusiwi. Huyu ndiye Burton tunayemjua sisi, aliyewasili Zanzibar Disemba mwaka 1856 na kufika Ujiji Februari 1858. Mahujaji waliokula naye na kumfanya mwenzao barabarani hawakupewa nafasi ya kusema wangejisikiaje kama wangejua. Mimi nahesabu jambo hilo kuwa ni udanganyifu, hata kama kitabu alichokiandika kina thamani kwa wanahistoria.

Kapteni William Shakespear alikuwa kinyume chake. Alimtembelea Abdulaziz mjini Riyadh mwaka 1914, na Januari mwaka 1915 akauawa katika vita vya Jarrab akiwa upande wa jeshi la Najd. Inasimuliwa kwamba alishauriwa avae Kiarabu asije akalengwa, naye akakataa kuivua sare ya Kiingereza.

T. E. Lawrence alitua Jeddah Oktoba mwaka 1916. Miezi miwili baadaye Faisal, mwana wa Sharif Hussein wa Makka, alimwomba avae Kiarabu muda wote awapo kambini, kwa sababu askari wa kikabila waliwajua wavaa kaki kuwa ni maafisa wa Kituruki, na kwa sababu mgeni aliyevaa kama wenyeji angeingia na kutoka hemani bila ya maswali. Alipewa nguo za hariri nyeupe zenye nakshi za dhahabu. Mwaka uliofuata aliwaandikia maafisa wenzake nasaha, na moja ilikuwa kwamba anayeamua kuvaa Kiarabu avae kilicho bora, na ajue kwamba akikosea adabu hatasamehewa kama anavyosamehewa mgeni. Baadaye alikiri kwamba miaka ya kuigiza ilimwondolea Uingereza wake bila ya kumpa Uarabu.

Kisha likaja mafuta. Mkataba wa kuyatafuta ulitiwa saini mjini Jeddah tarehe 29 Mei 1933, na mwezi Septemba mwaka huo wataalamu wa kwanza wa miamba kutoka Marekani wakashuka Jubail, kwenye pwani ya mashariki, wakiwa wamefuga ndevu na kuvaa nguo za Kiarabu kama walivyotakiwa na wenyeji wao. Picha zao zipo. Baada ya muda kambi za Wamarekani zilijengewa ukuta, na ndani ya ukuta watu wakarudia kaptula.

Msikilizaji wa mwambao anaweza kuuliza: na sisi je, kanzu si yetu? Ni yetu, na imekuwa yetu kwa njia yenye machungu. Katika Zanzibar ya karne ya 19 nguo ilikuwa cheo. Mtumwa mwanamume alivaa kipande cha amerikani kiunoni. Kofia, kilemba na viatu vilikuwa vya waungwana. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki, na hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama bibi yake. Amri ya kuondoa utumwa ilitolewa mwezi Aprili mwaka 1897, na mwanahistoria Laura Fair ameonyesha kwamba katika miongo iliyofuata waliokuwa watumwa walizivaa nguo hizo hizo walizokatazwa: kanzu na kofia kwa wanaume, kanga na baadaye buibui kwa wanawake. Hapana aliyewapa ruhusa. Walinunua kitambaa, wakashona, wakatoka nje. Sijui kama lipo vazi la kuazima lililovaliwa kwa haki zaidi ya hilo.

Kanzu ikaendelea na safari hadi Buganda. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri la Kabaka Suuna mwaka 1844, na nguo za pwani zikafuata njia hiyo. Leo Mganda akienda kutambulishwa ukweni huvaa kanzu na koti juu yake, na ukimwambia kwamba hilo ni vazi la Waarabu, atakutazama kwa huruma.

Turudi Riyadh, maana upande wa wanawake haujaguswa, na huko ndiko neno "kuvaa" lilikokaribiana zaidi na neno "kulazimishwa". Kwa miaka mingi mwanamke wa kigeni, awe Mwislamu au asiwe, hakutembea katika mitaa ya Riyadh bila ya abaya nyeusi, na askari wa kidini walikuwepo kumkumbusha. Jeddah ilikuwa na nafasi zaidi. Abaya za rangi zilionekana huko mapema. Wakubwa walikuwa na sheria yao. Januari mwaka 2015 Bi Michelle Obama alifika Riyadh kutoa rambirambi kwa kifo cha Mfalme Abdullah akiwa kichwa wazi, na itifaki ikaendelea.

Askari wa kike wa Marekani hawakuwa na bahati hiyo, na waliowalazimisha walikuwa makamanda wao wenyewe. Luteni Kanali Martha McSally, rubani wa ndege za kivita aliyekuwa amepelekwa Saudi Arabia, aliishtaki wizara ya ulinzi ya nchi yake Disemba mwaka 2001, akipinga amri kwamba wanajeshi wa kike wavae abaya kila watokapo kambini. Wenzao wa kiume walitakiwa kuvaa suruali ndefu na shati lenye kola, basi. Mwanzoni mwa mwaka 2002 amri ililegezwa ikawa ushauri, na kabla ya mwaka kumalizika Bunge la Marekani likaipiga marufuku kwa sheria. McSally alikuwa Mkristo, na hoja yake ilihusu imani yake na cheo chake pia, kwani aliona ni vigumu kuwaongoza wanaume vitani kisha kutembea nyuma yao mjini.

Upande wa wenyeji nao mambo yalibadilika. Mwaka 2016 askari wa kidini waliondolewa mamlaka ya kukamata watu. Machi mwaka 2018 Mwana Mfalme Mohammed bin Salman aliiambia televisheni ya CBS ya Marekani kwamba sheria inataka mavazi ya heshima na haitaji abaya nyeusi kwa jina. Septemba mwaka 2019 nchi ilipofungua milango kwa watalii, wanawake wa kigeni waliambiwa wavae kwa staha, bila ya kulazimishwa abaya.

Kuna wanawake ambao habari hizo ziliwafikia nusu nusu. Ni dada zetu wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za nyumbani Riyadh na Jeddah. Binti wa Mombasa hushuka uwanja wa ndege na abaya aliyoinunua kwao, kwa kuwa pwani yetu imeshaipokea abaya ya Ghuba mahali pa lile buibui la zamani lililofungwa kwa kamba kichwani. Kwake ni nguo ya kutokea. Mwenzake wa Kakamega au Masaka, Mkristo aliyezoea sketi na blauzi, huenda akapewa abaya yake ya kwanza pamoja na tiketi. Rangi ni moja na mshono ni mmoja, na wanaketi kiti kimoja.

Niruhusuni kisa kimoja kilichonipata mwenyewe. Nilipokuwa Riyadh kikazi, nilikwenda Batha, eneo la masoko lililojaa wafanyakazi wa kigeni, kushonesha kanzu ya Kisaudi, ile waiitayo thaub. Fundi alikuwa Mhadhrami. Nilimwomba asiweke kola, kama tunavyovaa kwetu Tanga. Alicheka, akasema, "Bwana wangu, isiyo na kola hapa ni ya kulalia." Basi akaweka kola na mikono ya shati, na kitambaa chenyewe kilikuwa cha Japani, kwani Wajapani ni mabingwa wa zamani wa nguo hiyo.

Kesho yake nilikwenda nayo katika ofisi moja. Mlinzi aliinuka, akanisalimu kwa maneno marefu ya Kiarabu, akaniita sheikh, akanifungulia. Siku iliyofuata nilirudi ofisini hapo nikiwa na shati na suruali. Mlinzi alikuwa ni yule yule. Hakuinuka, na kabla ya salamu aliniomba kibali cha ukaazi. Nilipomsimulia rafiki yangu Msudani hakushangaa hata kidogo. Aliniambia, "Ndugu yangu, kanzu avae yeyote. Lakini usijaribu shumagh na iqal. Hiyo ni sawa na kubeba kitambulisho cha mtu mwingine." Yeye mwenyewe kila Ijumaa huvaa jalabia ya kwao na kilemba kikubwa cha Kisudani, na katika mitaa ya Riyadh hakuna anayemuuliza anatoka wapi.

Serikali nayo inalijua jambo hilo. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu iliagiza wanafunzi Wasaudi wa shule za sekondari wavae vazi la taifa, yaani thaub pamoja na ghutra nyeupe au shumagh lenye mirabaraba myekundu. Agizo linawahusu vijana wa Jeddah sawa na wa Riyadh.

Lakini ile Siku ya Kuasisiwa tuliyoanza nayo imefungua mlango mwingine. Ilitangazwa mwaka 2022, nayo inaukumbuka mwaka 1727, Imamu Muhammad bin Saud alipoanza kutawala huko Diriyah, kando ya Riyadh. Watu huvaa mavazi ya asili ya maeneo yao. Kwa hiyo Jeddah husherehekea kuanza kwa dola ya Najd ikiwa imevaa kilemba ambacho dola hiyo ilikiweka kando. Jambo hilo sikuwahi kumsikia mtu akilitaja kwa sauti.

Niliingia katika duka moja la Balad siku chache kabla ya sherehe. Kijana wa Kijazi alikuwa mbele ya kioo na ghabana ya manjano mikononi. Shumagh lake alikuwa amelikunja na kuliweka juu ya kaunta. Alizungusha mara ya kwanza, kitambaa kikafumuka. Mara ya pili kikamfunika jicho. Mwenye duka, mzee wa Kiyemeni, alitoka nyuma ya kaunta, akamwambia, "Inamisha kichwa, mwanangu," akakizungusha taratibu, akisimama kila mzunguko ili kijana aone. Kisha akakifungua chote na kumpa aanze upya mwenyewe. Kijana alijaribu mara nne. Alipofaulu alilipa, akalitia shumagh katika mfuko wa plastiki, akatoka na kilemba kichwani kuelekea Bab Makkah.